Mama Mwiko na Kopo la Kifuniko Cheupe

Ukitaka kujua mpishi wetu kaamkaje, usimtazame usoni. Subiri saa nne na nusu asubuhi, watoto wakishamaliza uji, umwone anavyoikaribia ndoo ya makombo. Kwanza anafuta mikono kwenye aproni, kisha anainama na kuchungulia ndani kama mtu anayefungua barua ya mwanawe aliye mbali. Ndoo ikiwa kavu, siku hiyo hata paka wa jirani atapata maziwa. Ikiwa na uji, usimsogelee. Mimi nilimsogelea siku moja kumwomba chumvi ya yai langu, nikala yai bila chumvi.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo kabisa katika shule yetu ya chekechea, wale wa miaka mitatu na minne, na darasa langu limepakana na jiko. Kati yangu na sufuria kuna ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona na kuyasikia, na moja kati yake nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Wenzangu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, lakini hapa sitii chumvi.

Mama Mwiko aliingia shuleni miaka kumi na tisa iliyopita kama mfagiaji. Asubuhi moja mpishi wa wakati ule hakutokea, watoto wakaanza kulia njaa, naye akauegemeza ufagio mlangoni, akanawa mikono mpaka viwiko, akainjika sufuria. Hakuushika ufagio ule tena. Marehemu mumewe, fundi seremala, alimchongea mwiko wa mti mgumu, mrefu kupita mkono wa mtu mzima, na ndio huohuo mpaka leo. Umelika upande mmoja kwa sababu mwenyewe anakoroga kwa mkono wa kushoto. Watoto ndio waliompa jina, na jina likamkaa.

Hapiki kwa saa wala kwa mizani. Ana kikombe kimoja cha bati, kimebonyea ubavuni, na hicho ndicho kipimo cha kila kitu. Halafu ana masikio. Anasema uji mbichi unapayuka, mapovu ya harakaharaka, lakini ukiiva unazungumza kwa adabu: pwaa, kimya, pwaa. Mimi huku nafundisha kuhesabu mpaka kumi, na nimeshaanza kujua kwa sauti ni lini tutaitwa.

Na kuna makopo. Mwanamke huyu hajawahi kutupa kopo maishani mwake. Rafu ya juu jikoni ina kumi na saba, na hakuna hata moja linalosema ukweli. Chumvi inakaa kwenye kopo la kahawa. Unga wa ngano unakaa kwenye debe la biskuti. Majani ya chai yako kwenye kopo la rangi ya ukutani, ambalo anaapa alilisugua siku tatu kabla ya kulitumia. Mgeni akiingia na kuanza kusoma maandishi, tunamcheka wote. "Hapa hatusomi," Mama Mwiko humwambia, "hapa tunafungua." Ilikuwa fahari yangu kubwa kwamba mimi, mwalimu wa chumba cha pili, niliyajua makopo yale kama ninavyowajua wanafunzi wangu. Ikumbuke hiyo fahari, maana itanirudia.

Mambo yalianza wiki ya kwanza ya muhula, Mwalimu Mkuu alipomwalika daktari wa meno. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye tochi kichwani na mzaha mwingi, na watoto walimfungulia vinywa kana kwamba anagawa peremende. Tuna watoto sitini na wawili. Ishirini na saba walikuwa na meno yaliyotoboka. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Mama Mwiko, mtoto wa binti yake. Yuko darasani kwangu, na tunamwita Bosi kwa jinsi anavyotembea mikono nyuma akikagua michoro ya wenzake. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameoza hayafai, ikabidi yang'olewe.

Daktari alipouliza shuleni wanakula nini, Mama Mwiko alijibu kwa kujidai. "Uji mzito, Daktari, na vikombe vyangu vitano vya sukari kwa sufuria. Mimi kwa watoto sibani."

Daktari alikitazama kile kikombe cha bati, akasema kwa upole, "Si uji peke yake, Mama. Kuna juisi za nyumbani, kuna pipi za njiani. Lakini vitano ni vingi."

Mama Mwiko hakusikia juisi wala pipi. Alisikia uji. Nilimkuta mchana amekaa juu ya gunia la unga, mwiko umelala magotini. "Meno ya mjukuu wangu nimeyatoboa mwenyewe, Mwalimu," akaniambia. "Kila asubuhi, kwa mkono huu. Na nilikuwa nafurahi." Nilikaa naye juu ya gunia mpaka kengele ilipolia.

Mwalimu Mkuu si mtu wa kulala na tatizo. Wiki haijaisha alikuwa ameshamleta muuzaji mmoja, bwana nadhifu mwenye begi la magurudumu na tai ya kijani, ambaye kila swali alilijibu kwa kutoa pakiti. Kufikia saa sita tulikuwa tumeshambatiza jina la Bwana Sampuli. Alikuwa na uji wa pakiti, unamwagia maji ya moto na kukoroga basi, na alikuwa na kopo la unga mweupe laini, utamu usio wa sukari, ambao kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima. Alitupikia palepale mbele ya watu wote, daktari akiwepo. Watoto waliunywa na kulamba midomo. Ndoo ya makombo ilibaki kavu, na macho ya Mwalimu Mkuu yakang'aa kama ya mtu aliyeokota pesa.

Mama Mwiko alikuwa kasimama nyuma kabisa. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Daktari, unga huo unatoboa meno?"

"Hautoboi, Mama. Kwa meno ni afadhali kuliko sukari."

Bwana Sampuli akatabasamu, akafunga zipu ya begi.

"Kuna lakini?" Mama Mwiko akauliza.

"Ipo," daktari akasema. "Mtoto wa miaka mitatu ndiyo kwanza anaufundisha ulimi wake. Kila kitu kikiwa kitamu, kiwe cha sukari au cha unga huu, anajifunza kwamba kisicho kitamu si chakula. Mimi kwa hawa wadogo ningependa utamu wenyewe upungue."

"Basi niachieni mimi niupunguze," Mama Mwiko akasema. Alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Ulimi nimeuharibu mimi. Nipe muhula mmoja niutengeneze."

Hapo moyo wangu ulianza kwenda mbio, na sidhani kama ulitulia mpaka mwisho wa muhula. Mwalimu Mkuu alikunja mikono, akafikiri, kisha akatoa masharti yake kama anayesoma ratiba. Ijumaa ya wiki ya kumi na moja, kuhesabu kuanzia Jumatatu ijayo, watoto watapewa uji usio na sukari na usio na unga wa mgeni. Ndoo ikiwa kavu, jiko linabaki la Mama Mwiko. Ikiwa na makombo, shule inachukua pakiti, na mwiko unarudi nyumbani na mwenyewe.

"Na siku hiyo hupiki wewe, Mama," akaongeza. "Bwana huyu anasema uji wake anaweza kuupika mtu yeyote. Nataka nijue wako utapikika vipi siku ukiumwa."

Mama Mwiko alituangalia mmoja mmoja. Kisha akaninyooshea kidole. "Atapika huyu wa ukutani. Miaka sita ananisikiliza, sasa aoneshe kasikia nini." Masikio yangu yalipata moto, na nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Alianza Jumatatu iliyofuata. Nusu kikombe. Hakumwambia mtoto yeyote, hakubandika tangazo. Alipunguza nusu kikombe cha sukari tu, akakoroga, akagawa. Hakuna aliyegundua. Jumatatu ya pili nusu nyingine, na ndoo bado kavu, naye akaja mpaka kwenye dirisha langu katikati ya somo la rangi kuniambia hilo, anacheka kimyakimya. Lakini kuanzia Jumatatu ya nne mambo yaligeuka. Sukari ilikuwa imefika vikombe vitatu, na ndoo ikaanza kupata uji, siku moja robo, siku nyingine nusu. Vikombe vilirudi vimeonjwa tu. Kamwanangu kamoja ka darasani, ambako huwa hakasemi, kaliniangalia machoni na kuniambia, "Uji wa leo umelala."

Mama Mwiko hakurudisha sukari hata punje. Alihamia kwenye kila kitu kingine. Aliukaanga unga kwanza kwenye sufuria kavu mpaka jiko zima likanukia. Aliupika robo saa zaidi. Alipunguza maji, akajaribu chumvi kidogo sana, kisha akagundua maziwa ya unga: nusu kikombe mwishoni, moto ukishazimwa, na uji unakuwa laini wa kuteleza kooni. Kila siku ilikuwa jaribio, na kila saa nne na nusu mimi naye tulikimbilia ndoo. Sijui nisemeje furaha ile. Nilikuwa nikiamka nimeshaanza kuiwaza ndoo ya makombo, mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili.

Bosi ndiye alikuwa mtihani. Hakumwaga uji wake ndooni kama wenzake. Ana akili kuliko hapo. Alikuwa akitoka nao mlangoni mikono nyuma, kikombe kimefichwa mgongoni, na kuumwagia kwenye chungu cha maua kilichoko nje ya darasa langu. Nilimwona wiki ya tano. Nilimwambia bibi yake, nikidhani atamchapa walau kwa maneno, lakini yeye alienda kulitazama lile ua kwa muda mrefu. "Linanona," akasema. "Mwache. Ananiambia ukweli, na ndoo inanidanganya kikombe kimoja." Kuanzia siku ile tulikuwa tunachungulia sehemu mbili.

Wiki ya nane udongo wa chungu ulikuwa mkavu siku mbili mfululizo. Wiki ya tisa ulikuwa mkavu siku nne. Jumatatu ya kumi Mama Mwiko aliosha sukari kwenye kile kikombe cha bati kwa mara ya mwisho, akakianika juani, na uji ukapikwa bila hata chembe ya kitu kitamu. Ndooni mlikuwa na vikombe vitatu tu. Jumatano viwili. Ijumaa hiyo hapakuwa na kitu, na tulishikana mikono jikoni tukaruka kama wasichana, mpaka akasema goti linamuuma.

Alhamisi, siku moja kabla ya ile Ijumaa yenyewe, alinipa maelekezo akiwa amevaa viatu vya kuondokea. Unga vikombe kadha, maji mpaka kwenye mkwaruzo ulioko ndani ya sufuria, koroga usiache, sikiliza. "Maziwa ya unga yako rafu ya juu, mwisho mkono wa kulia, kopo la kifuniko cheupe. Nusu kikombe, ukishazima moto. Na usisome makopo, tafadhali, utachanganyikiwa."

"Mama, mimi wa kuambiwa hivyo?" nikamjibu, na kwa kweli nilikereka kidogo.

Ijumaa nilifika jikoni kabla ya wote. Nje, kwenye korido, Mwalimu Mkuu alishapanga viti: chake, cha daktari wa meno, cha Bwana Sampuli aliyekuja na tai mpya na birika lake la umeme, na cha nne, cha mtoto, chekundu, ambacho Mama Mwiko alijichagulia mwenyewe akakikalia, mikono mapajani. Alikatazwa kuingia, na alikatazwa kusema. Mimi nilikaanga unga, nikamimina maji, nikakoroga mpaka bega likawaka. Nilisikiliza. Uji ukapayuka, ukapayuka, kisha ukatulia: pwaa, kimya, pwaa. Nikaonja. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu, mbele ya masufuria.

Nikazima moto, nikanyoosha mkono rafu ya juu, mwisho kulia, kifuniko cheupe. Kopo lilikuwa jipya linang'aa, na ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu kwamba ndani kuna utamu bila sukari. Nikacheka mpaka machozi. Huyu mama hana dogo, nikawaza. Kachukua kopo la mpinzani wake kalifanya la maziwa. Nikafungua, nikaona unga mweupe kama nilivyotarajia, nikachota nusu kikombe, nikamimina, nikakoroga. Sikuonja tena, kwa kuwa kengele ilikuwa imeshalia na watoto wameshapanga mstari.

Watoto sitini na wawili walikaa, wamebanana darasani kwangu. Tuligawa. Nilisimama kando ya ndoo nikiwa na tabasamu la mshindi.

Wa kwanza kukunja uso alikuwa yule kamwanangu asiyesema. Alitema ndani ya kikombe. Jirani yake akatema mezani. Ndani ya dakika moja chumba kizima kilikuwa kinafuta ndimi kwa mikono ya sweta, mmoja analia, wengine wamenyanyuka na kupanga foleni kuelekea kwenye ndoo. Pwa, pwa, pwa. Niliitazama ikijaa mpaka kwenye mpini. Mama Mwiko alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka. Mwalimu Mkuu alikuwa anahesabu vikombe kwa macho.

Bosi peke yake hakwenda kwenye ndoo. Alikuja mpaka katikati ya chumba, mikono nyuma, akasimama mbele ya wakubwa wote waliosogea mlangoni.

"Bibi hakupika huu," akasema, na pengo lake la meno mawili likaonekana.

"Ndiyo, mwanangu, kapika mwalimu wako," Mwalimu Mkuu akamjibu.

"Mwalimu kautia nini? Unauma."

Nililiona lile kopo kichwani mwangu kabla sijageuka kulitazama. Nilikimbia jikoni, nikalitoa kopo lile, na nyuma yake, limesukumwa mpaka ukutani, nikaona jingine la kifuniko cheupe, la zamani, la hamira, lenye maziwa ya unga ya Mama Mwiko. Nilirudi nimeyakumbatia yote mawili. Sikuwa na pa kujificha. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nilisoma maandishi, na kwamba nilipoyasoma sikuyaamini, kwa sababu katika jiko hili hakuna kopo linalosema ukweli.

"Lile nililiweka mimi," Mwalimu Mkuu akasema taratibu. "Jana jioni, baada ya Mama kuondoka. Nilitaka vitu vya pande zote viwe tayari."

Bwana Sampuli alichovya kidole kwenye kikombe, akaonja, akatoa leso. "Nusu kikombe?" akaniuliza. "Dada yangu, hicho ni kipimo cha mwezi mzima. Ukizidi hivyo unakuwa mchungu kama dawa." Daktari naye akaonja, akakohoa, akawaambia watoto wasukutue vinywa wala hawatadhurika. Kisha bwana yule akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba kopo ni lao, kosa si la mama huyu, na siku isihesabiwe hivyo. "Ila watoto wana njaa," akaongeza, "na maji yangu yamechemka. Dakika mbili tu, wote watakuwa wamekunywa."

Na kweli walikuwa na njaa. Walikuwa wameanza ule mlio wa chini, unaotangulia kilio. Uji mwingine kwa sufuria ile ungechukua nusu saa na zaidi.

Mama Mwiko akasema, ingawa alikatazwa. "Mpe ruhusa awape, Mkuu. Watoto hawawezi kusubiri kwa ajili yangu." Alikuwa anautoa mwiko wake kwa mkono wake mwenyewe, na alijua, na sote tulijua.

Mwalimu Mkuu nampinga kwa mengi, lakini siku ile nilimpenda. Alimtazama mpishi wake aliyesimama kando ya kiti cha mtoto, akalitazama birika likitoa mvuke. "Wape ndizi moja moja, Mwalimu," akaniambia. "Wasije wakanywa kwa sababu ya njaa tu. Kisha rudi jikoni. Nusu saa."

Nilikimbia. Sikumbuki nimemenya ndizi ngapi. Bwana Sampuli alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaniambia anaweza kuchochea moto, na alichochea, tai imetupwa begani. Nilikaanga unga upya, nikamimina maji mpaka kwenye mkwaruzo, nikakoroga kwa mkono wa kulia, ukachoka, nikakoroga kwa wa kushoto, na hapo mwiko ukakaa sawasawa kwenye sufuria kwa sababu ndivyo ulivyolika. Dakika ya ishirini na tano nilidhani umeiva. Nikanyoosha mkono kuvuta kuni nizime moto. Kwenye korido mtu akakohoa mara moja.

"Mama," nikamsikia Mwalimu Mkuu akisema.

"Vumbi tu, Mkuu."

Nikaurudisha mkono. Nikasubiri. Pwaa. Kimya. Pwaa. Nikazima, nikachukua kopo la hamira, nikafungua, nikanusa, nikaramba kidole, nikampa na Bwana Sampuli arambe. "Maziwa," akathibitisha, amesimama wima kama shahidi mahakamani. Nusu kikombe.

Tuligawa mara ya pili. Ndoo ilikuwa imemwagwa na kuoshwa, tupu, katikati ya sakafu. Watoto waliunusa mvuke kwa mashaka, na siwalaumu. Yule asiyesema alichovya ulimi. Akasubiri. Kisha akakiinua kikombe kwa mikono miwili, na uso wote ukapotea ndani. Mwingine akanywa, na mwingine, kukawa na ile sauti ya vijiko vinavyokwangua chini ambayo Mama Mwiko akiisikia hufumba macho kwa raha. Vikombe vilianza kurudi mezani. Vitupu. Nilikuwa navipindua kimoja kimoja mbele ya Mwalimu Mkuu mpaka akaniambia niache, anaona.

Vilifika sitini na kimoja. Kilichobaki kilikuwa cha Bosi.

Alikuwa amesimama na kikombe chake mgongoni, na alikuwa anaelekea mlangoni. Mimi na Mama Mwiko tulitazamana. Wengine hawakujua kinachoendelea, lakini sisi wawili tulijua nje ya mlango ule kuna nini. Alipita ndoo bila kuiangalia. Alipita kiti cha Mwalimu Mkuu. Akafika kwenye chungu cha maua, akasimama, na moyo wangu ukasimama naye. Bibi yake aliuma mdomo.

Bosi alilitazama lile ua. Kisha akageuka, akaja mpaka kwenye kiti chekundu, akautoa mkono nyuma na kumpa bibi yake kikombe. Kilikuwa kimeshakwanguliwa mpaka kinang'aa.

"Bibi, ongeza," akasema. "Mwalimu ananipimia kidogo."

Mama Mwiko alikishika kikombe. Hakuinuka. Alikuwa amekatazwa kuingia jikoni, na mwanamke huyu akiambiwa jambo huwa analishika, kwa hiyo alikaa pale na kikombe mkononi na machozi yakimshuka, akimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu aliinama juu ya ndoo, akaitazama kwa muda, akaingiza mkono mpaka chini na kuutoa mkavu. Kisha akaja kwangu, akanipokonya mwiko uliokuwa bado unadondosha uji kwenye viatu vyangu, akampelekea mwenyewe.

"Sufuriani bado umo uji, Mama," akamwambia. "Mkwangulie mtoto."